Ngwe za Laxton

Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa ndiyo kwanza imechomoza, kundi la wakulima wa kijiji cha Laxton, Uingereza, hupanda trela la trekta na kwenda kukagua shamba. Wamechukua vigingi vya mti na nyundo kubwa. Wanapita ngwe baada ya ngwe wakitazama plau ilipoishia. Huyu amelima hadi ndani ya njia? Yule amemega nyasi za bondeni ambazo si zake? Mpaka wa jirani umesogezwa? Wakikuta kasoro, wanapigilia kigingi pale mpaka ulipopaswa kuwa, kosa linaandikwa, trela linasonga mbele. Wiki moja baadaye makosa hayo yanasomwa mbele ya baraza linalokaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, na aliyevuka mpaka anatozwa faini.

Ukiona picha zake utadhani ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Si maigizo. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipofuta mamlaka ya mabaraza ya kale ya namna hii nchi nzima, liliyabakiza machache mno, na la Laxton lilikuwa mojawapo. Faini yenyewe ni ndogo, lakini ni faini halali, na wanaoitoza ni majirani wa mkosaji.

Kijiji hiki kimebaki na kitu gani ambacho kwingine Uingereza kilikwisha? Kwa ufupi, mashamba yake makubwa hayana ua wa kuyatenga. Kwa urefu, inabidi tuanzie ardhini.

Laxton iko kaunti ya Nottinghamshire, kati ya miji midogo ya Ollerton na Tuxford, na wakazi wake hata 500 hawafiki. Hakuna mto mkubwa wala mlima. Udongo ni mfinyanzi mwekundu na mzito: ukilowa unang'ang'ania buti, ukikauka unakuwa tofali. Ardhi inapanda na kushuka polepole, na kati ya miinuko kuna vibonde vinavyotuama maji, visivyofaa plau hata kidogo. Vibonde hivyo wenyeji huviita sykes. Vishikilie akilini, tutavirudia.

Kaskazini mwa kijiji kuna kilima cha udongo na mahandaki yaliyoota nyasi, mabaki ya ngome ya Wanormani ya karne ya 12. Kwa miaka mingi mabwana wa Laxton ndio waliokuwa walinzi wa Msitu wa Sherwood kwa niaba ya mfalme, ule ule wa hadithi za Robin Hood. Kuna kanisa la mawe la Mtakatifu Mikaeli. Jina la kijiji limo katika daftari kubwa la ardhi lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086. Hayo ni mazuri, lakini England imejaa vijiji vyenye ngome, kanisa na jina katika daftari la 1086. Cha kutazama Laxton ni nyumba za wakulima.

Zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji, moja baada ya nyingine, ghala na mazizi vikiwa papo hapo uani, na nyuma ya kila boma kiwanja kirefu chembamba. Mwenyeji wa Pwani au wa bara huku kwetu haoni ajabu: watu wanakaa kijijini, asubuhi wanakwenda shamba. Lakini ukipita sehemu kubwa ya England utakuta nyumba ya mkulima iko peke yake, mbali na kijiji, katikati ya mashamba yake mwenyewe, yamezungushiwa ua wa miti ya miiba. Mkulima wa Laxton hakuwa na sababu ya kuhamia shambani, kwa kuwa shamba lake halikuwa mahali pamoja. Lilikuwa kila upande.

Hapo ndipo lilipo neno ngwe. Kwetu ngwe ni kamba, kisha ni kile kipande cha konde kilichopimwa ili mtu apewe sehemu yake ya kulima. Waingereza wana majina mengi ya kitu hicho, yakibadilika mkoa kwa mkoa, na sidhani kama kuna moja linaloshinda hili letu. Laxton ina mashamba makubwa matatu: West Field, South Field na Mill Field. Kila shamba limegawanywa ngwe ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu, bila ua wala ukuta kati yake. Kila mkulima ana ngwe zake katika mashamba yote matatu, zikiwa zimechanganyika na za wenzake.

Urefu wa ngwe haukutoka hewani. Zamani plau nzito ya kufungwa ng'ombe dume hadi wanane ilikuwa kazi kubwa kugeuza, kwa hiyo mkulima alitaka kwenda mbali iwezekanavyo kabla ya kugeuka, ila si mbali kiasi cha kuwachosha wanyama. Kipimo kilichozoeleka kikawa yadi 220, kama mita 200. Ukichukua urefu huo kwa upana wa yadi 22 unapata ekari moja, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya siku moja. Hii ni ekari ile ile tunayoitaja tukiuziana mashamba Kibaha au Eldoret: kwa asili yake ni jasho la ng'ombe kwa siku moja kwenye tope la Ulaya. Hata ngwe zenyewe za kale mara nyingi hazikunyooka. Zilipinda kidogo kama herufi S, kwa sababu msururu mrefu wa ng'ombe ulianza kukata kona kabla ya kufika mwisho. Na kwa kuwa plau ilimwaga udongo kuelekea katikati ya ngwe mwaka baada ya mwaka, ngwe ikawa tuta, na kati ya tuta na tuta pakawa na mfereji. Katika mfinyanzi kama ule, mfereji huo ndio uliookoa mbegu zisioze.

Sasa mzunguko. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya baridi kuingia. La pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama shayiri au maharage. La tatu, kwa desturi ya kale, hupumzishwa. Mwaka unaofuata kila shamba linasogea hatua moja, na baada ya miaka mitatu kila kitu kimerudi kilipoanza. Hivyo ndivyo inavyofahamika kwa nini kila mkulima ni lazima awe na ngwe katika mashamba yote matatu: mwenye ngwe zote katika shamba moja angekula mwaka huu, akala mwakani, kisha mwaka wa tatu akakaa mikono mitupu huku ardhi yake yote imelala.

Msomaji wa Tanzania hapa atasema: kumbe ni ujamaa. Hapana, na hili ndilo linalowachanganya wengi. Ngwe ni ya mtu, awe mwenyewe au mpangaji. Mbegu ni zake, mavuno ni yake, hasara ni yake. Hagawani gunia na mtu. Walichoshirikiana ni ratiba. Wote wanapanda ngano katika shamba moja kwa wakati mmoja, wote wanamaliza kuvuna kabla ya siku fulani, kwa sababu baada ya mavuno ua haukuwepo na mifugo ya kijiji kizima iliingia kula mabua, ikiacha samadi nyuma yake. Aliyechelewa kuvuna aliliwa. Aliyejitia ujanja akapanda zao lake la pekee katikati ya shamba la wenzake naye aliliwa. Ndiyo maana baraza likawa la lazima: siku ya kufungua shamba kwa mifugo, idadi ya wanyama ambao kila mmoja anaruhusiwa kuchunga, upana wa njia, mtu wa kukamata ng'ombe waliopotea na kuwafungia zizini mpaka mwenyewe alipe. Bila baraza, ardhi isiyo na ua ni vita tu.

Na vile vibonde vya maji? Vimebaki nyasi tangu zamani, maana havilimiki. Nyasi zake hukatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo, na haki ya kuzikata huuzwa kwa mnada. Kwa kuwa havijawahi kupigwa plau wala kumwagiwa dawa za kisasa, vimejaa maua ya porini ambayo mahali pengi England yametoweka, na leo vinalindwa kisheria kwa ajili ya mimea hiyo. Watu wa mazingira wanavipenda kuliko ngano. Wale wazee wenye vigingi nao wanavilinda, lakini wao wanakamata plau inayomega nyasi za wenzao, na maua yanapona humo humo.

Kwa nini basi ngwe za mtu mmoja zitawanyike hivyo? Wataalamu wameligombania swali hili kwa miaka mingi. Charles na Christabel Orwin, mume na mke waliochunguza Laxton miaka ya 1930, waliona jibu katika plau: watu waliunganisha ng'ombe na zana, wakalima kwa zamu, na kila aliyechangia akapata ngwe ya siku yake, ndipo zikaja kupishana. Wengine wakasema ni urithi, baba kuwagawia wana. Wengine wakasema ni haki, ili udongo mzuri na mbaya uwafikie wote. Kisha mchumi Deirdre McCloskey akaleta hoja ya bima: mvua ya mawe ikipiga upande mmoja, maji yakituama upande mwingine, mwenye ngwe kumi mahali kumi hapotezi zote. Mimi hoja ya bima inanivutia zaidi, labda kwa kuwa nimewasikia wazee wakieleza hivyo hivyo kwa nini mtu awe na kishamba bondeni na kingine mlimani. Ila hakuna sababu ya kuchagua moja tu. Jambo lililodumu karne nyingi huenda lilianza kwa sababu hii na likaendelea kwa sababu ile.

Utaratibu huu haukuwa wa Laxton peke yake. Ulienea sehemu kubwa ya katikati ya England. Ulioumaliza ni ua. Kuanzia 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kupiga ua mashamba na malisho, zikihusu ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano ya England yote. Na hiyo haihesabu maeneo yaliyopigwa ua kwa makubaliano bila Bunge. Wapimaji walikuja, ngwe zikafutwa, kila mwenye haki akapewa eneo lake mahali pamoja na kuamriwa alizungushie ua kwa gharama yake. Tajiri alijenga nyumba mpya katikati ya shamba lake. Maskini aliyekuwa na haki ya kuchunga ng'ombe mmoja alipewa kipande ambacho ua wake ulikuwa ghali kuliko ardhi yenyewe, akauza. Na aliyechunga kwa mazoea tu, bila karatasi, hakupewa kitu. Arthur Young, mwandishi wa kilimo aliyeupigia debe ua kwa miaka mingi, mwaka 1801 aliandika kwamba katika sheria 20 za ua, 19 ziliwaumiza maskini. Alikuwa amechelewa.

Watetezi wa ua walikuwa na hoja ambayo si ya kudharauliwa: ngwe zilizotawanyika zinapoteza muda, mvivu mmoja anaotesha magugu kwa jirani, ugonjwa wa kondoo mmoja unakuwa wa wote, na mwenye akili mpya hawezi kujaribu zao jipya. Wakenya wataitambua hoja hii. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliikusanya ardhi ya wakulima wa Mkoa wa Kati, vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa na kupewa hati, kwa lugha inayokaribiana sana na ile ya wapiga ua wa karne ya 18. Na kama England, mwenye sauti ndogo siku ya kupima ndiye aliyetoka na kidogo.

Laxton iliponaje? Jibu ambalo watu wangependa ni kwamba wenyeji walisimama imara kutetea mila. Halikuwa hivyo. Sehemu ya ardhi ya kijiji ilipigwa ua pole pole kuanzia karne ya 18, na mashamba ya wazi yaliyobaki leo hayafiki ekari 500. Kilichoyaokoa hayo ni umiliki. Ardhi ya Laxton ilikuwa na mabwana wawili wakubwa: ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walikuwa na cheo cha Earl Manvers na makao yao Thoresby, na Earl wa Scarbrough, mwenye milki ya Rufford. Ngwe zao zilichanganyika. Ili kupiga ua, ilibidi kwanza mabwana hao wawili wabadilishane vipande na wakubaliane nani apate wapi, na kwa muda mrefu hawakukubaliana. Wapangaji wao wakaendelea kulima kama babu zao, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Kisha ikaja miaka ya 1870. Ngano ya nyanda za Marekani, ikisafirishwa kwa reli hadi bandarini na kwa meli za mvuke hadi Uingereza, iliporomosha bei. Kupiga ua si kamba na vigingi tu; ni maelfu ya miche ya miiba, mitaro ya kutoa maji, barabara mpya, nyumba mpya za wapangaji. Bwana gani angetumbukiza fedha hizo katika mfinyanzi wakati kodi ya shamba hailipiki? Miaka ambayo Laxton ingeweza hatimaye kupigwa ua ndiyo miaka ambayo haikuwa na faida kufanya hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers alifanya jambo la wastani: aliziunganisha ngwe nyembamba zikawa pana zaidi na chache, lakini akauacha mfumo usimame. Kwa hiyo ngwe anazoziona mgeni leo si zile za enzi za kati hasa. Ni wajukuu wake walionenepa.

Za kale zenyewe tunazijua kwa ajili ya tajiri mwingine. Mwaka 1635 Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyeinunua Laxton, alitaka kujua amenunua nini. Mpimaji wake, Mark Pierce, akachora ramani kubwa ya kijiji kizima, ngwe moja moja, pamoja na kitabu kinachoeleza kila kipande ni cha nani na kina ukubwa gani. Ramani hiyo iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Pierce hakuishia kwenye mistari: alichora pia watu wadogo wadogo wakiwa na plau, wakivuna, wakiwinda. Kuna shamba moja zaidi ndani yake, East Field, ambalo leo halimo katika mzunguko, na kuna kinu cha upepo kilichoipa Mill Field jina lake. Mahali pachache England unaweza kusimama ukiwa na mchoro wa karibu miaka 400 mkononi na ukaona mbele yako kazi ile ile ikifanywa, hata kama ng'ombe wamekuwa matrekta ya John Deere.

Miaka ya 1950 hali iligeuka. Earl Manvers wa sita alikuwa wa mwisho katika ukoo wake kushika cheo hicho. Alifariki 1955 na cheo kikafa naye. Miaka mitatu kabla, 1952, aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo, kwa nia mfumo wake uhifadhiwe. Hapo ndipo bahati ilipogeuka kuwa sera. Wizara ilipotaka kujitoa, kelele zilipigwa, na mwaka 1981 kijiji kikachukuliwa na Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za ufalme. Nayo ikauza mwaka 2020, na mnunuzi alikuwa Thoresby Estate, yaani milki ya ule ule ukoo wa Pierrepont. Ardhi imezunguka miaka 68 na kurudi pale pale.

Uhifadhi umeleta taabu yake. Shamba la tatu, lililokuwa likilala tupu mwaka mzima, siku hizi huoteshwa nyasi au malisho, kwa sababu hakuna mkulima wa sasa anayeweza kumudu theluthi ya ardhi yake isiyompa kitu. Mashine za kuvunia ni pana, ngwe ni nyembamba. Mpangaji anayezeeka lazima apatikane kijana wa kurithi nafasi yake, akubali kulima kwa ratiba ya wenzake, na akubali kukaguliwa. Mtaalamu wa siasa Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila dola wala ua, wakiwa na kanuni walizozitunga wenyewe, wasimamizi kutoka miongoni mwao na adhabu zinazoanza ndogo. Laxton inazo zote tatu. Ambacho haina ni uhakika kwamba bei ya ngano itamwezesha mtu kuishi kwa hizo ngwe.

Siku ya baraza, majina ya wanaowajibika kuhudhuria yanaitwa. Msimamizi anaongoza kikao, makosa yaliyokutwa shambani yanatajwa mbele ya wote, faini zinalipwa. Kisha wanaapishwa wazee wa baraza wa mwaka ujao, watakaokagua shamba linalofuata katika mzunguko, wakiwamo wengine ambao ngwe zao ndizo zilizowekewa vigingi mwaka huu. Baada ya hapo, kwa kuwa wote wameshakaa ndani ya baa, hakuna anayeharakisha kwenda nyumbani.